Ni Jambo Gani Bado Halijaamuliwa?

Mara ya kwanza nilipoalikwa kwenye kikao cha halmashauri nikiwa mmoja wa wawakilishi wa vijana, nilikuta rasimu ya bajeti imekwisha kujalidiwa. Ilikuwa na jalada gumu la rangi ya bluu, kurasa zake zimefungwa kwa pete za plastiki, na kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na nafasi mbili za sahihi, moja kati ya hizo ikiwa tayari imejazwa. Tulikuwa sita. Tuliketishwa safu ya nyuma karibu na mlango, tukapitishiwa karatasi ya mahudhurio kabla ya kuiona rasimu, na rasimu ilipotufikia ilikuwa nakala moja ya kugombania watu sita. Mweka hazina alisoma vifungu kwa muda wa saa nzima, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvisoma mara nyingi mbele ya watu wengine, na alipomaliza mwenyekiti aligeukia upande wetu akasema kwa upole kabisa kwamba sasa angependa kuwasikia vijana, kwa kuwa vijana ndio taifa la kesho.

Mwenzetu mmoja, dada aliyekuwa akisomea ushonaji, alisimama na kuuliza kwa nini maktaba ya umma hufungwa saa kumi alasiri, wakati uleule ambao wanafunzi hutoka madarasani, na kama katika kurasa zile zote kulikuwa na kifungu chochote cha kuongeza saa za kuifungua. Alijibiwa kwamba hoja yake ni nzuri sana na imepokelewa. Tulipigiwa makofi. Wiki tatu baadaye nilifanikiwa kupata nakala ya kumbukumbu za kikao kile, na nilipozipitia ukurasa kwa ukurasa niliona sentensi moja tu iliyotuhusu: "Vijana walishirikishwa, wakatoa maoni yao na kuipongeza rasimu." Hakuna hata mmoja wetu aliyeipongeza rasimu. Neno maktaba halikuwamo popote.

Tangu wakati huo nimehudhuria vikao vingi vya namna hiyo, kwanza nikiwa mwakilishi na baadaye nikiwa miongoni mwa wale wanaoviandaa, wanaopanga viti na kuandika kumbukumbu. Kwa hiyo ninapoulizwa kama vijana wa mahali fulani wameshirikishwa katika maamuzi ya serikali yao ya mtaa, nimezoea kujibu kwa kuuliza swali jingine: walipoingia chumbani, ni jambo gani lilikuwa bado halijaamuliwa? Ikiwa hakuna lililobaki, basi hata wangeingia mia moja, wakapewa vipaza sauti na kupigwa picha pamoja na mwenyekiti, walichovishwa ni kilemba cha ukoka.

Kiswahili chenyewe kinatutahadharisha kuhusu hili. Anayeshiriki anatenda, anayeshirikishwa anatendewa, na daima kuna mtu mwingine nyuma ya kitenzi hicho, ambaye ndiye anayechagua siku, mahali, jambo la kuzungumzwa na jambo la kunyamaziwa. Sisemi kwamba neno hilo lifutwe, maana limekwisha kuzoeleka katika nyaraka zetu zote, lakini kila ninapoliona ninajiuliza ni nani aliyewashirikisha, na kwa nini aliamua kufanya hivyo katika wiki ile badala ya miezi sita iliyotangulia.

Watu wasiokaa karibu na bajeti hudhani kwamba bajeti huamuliwa siku inapopitishwa. Ukweli ni kwamba siku hiyo kinachobaki ni kuinua mikono. Maamuzi yenyewe hufanyika kwa mafungu, kidogo kidogo, na mara nyingi bila kelele: kwanza hukusanywa orodha ya mahitaji, kisha huwekwa ukomo wa kila idara, yaani kiasi ambacho idara haitaruhusiwa kukizidi, kisha idara hugawanya kiasi hicho kati ya mishahara, uendeshaji na miradi, na mwisho kabisa huandikwa rasimu ambayo wananchi huitwa kuitolea maoni. Aliyefika wakati wa kuweka ukomo anaweza kusogeza fedha kutoka idara moja kwenda nyingine. Aliyefika wakati wa rasimu anaweza, akiwa na bahati, kusahihisha makosa ya tahajia.

Kenya inatoa mfano ulio wazi, kwa kuwa sheria yake ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 imeziandika tarehe zote. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndani yake ndimo unamopatikana ukomo wa kila sekta, hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai mosi. Kikundi cha vijana kinachopata mwaliko wa kwanza mwezi Mei kimechelewa kwa miezi minane, na hakuna ufasaha wa kuzungumza unaoweza kuifidia miezi hiyo. Ndani ya sheria hiyohiyo kuna jambo ambalo sijalisahau tangu nililisoma. Kifungu cha 137 kiliunda jukwaa la bajeti na uchumi la kila kaunti, la mashauriano wakati wa kuandaa mipango, mkakati wa fedha na bajeti, yaani mapema, mahali hasa panapostahili. Kinataja makundi yatakayopendekeza wajumbe wasio watumishi wa kaunti: wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Vijana hawakutajwa. Hakuna anayezuia kijana kuingia kupitia mlango wa wafanyabiashara au wa wanawake, lakini mlango wenye jina lake haukuwekwa, ingawa Katiba ya 2010 ya nchi hiyo, katika ibara ya 55, inaitaka serikali ihakikishe kwamba vijana wanawakilishwa na wanashiriki katika nyanja za kisiasa, kijamii na kiuchumi.

Nakitaja kifungu hicho kwa sababu kinaonyesha kwamba tatizo mara nyingi si uhaba wa ahadi. Ahadi zipo tele. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto anayeweza kuunda maoni yake haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na unataka maoni hayo yapewe uzito unaolingana na umri na upevu wake. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2009, unamhesabu kijana kuwa mtu wa kati ya miaka 15 na 35 na kuzitaka nchi ziunde au ziimarishe majukwaa ya vijana kushiriki katika maamuzi, kuanzia ngazi ya mtaa. Ahadi hizi ni nzuri, nami nimezinukuu katika barua nyingi za maombi, lakini hazisemi ni katika hatua gani ya jambo kijana aitwe. Ufini walifika karibu zaidi. Sheria ya serikali za mitaa ya nchi hiyo ya mwaka 2015 inaitaka kila manispaa iwe na baraza la vijana au chombo kinachofanana nalo, lakini kinachonivutia zaidi ya sharti lenyewe ni kwamba sheria inazitaja hatua ambazo chombo hicho kipewe nafasi ya kuwa na ushawishi ndani yake: kupanga, kuandaa, kutekeleza na kufuatilia. Neno kuandaa ndilo la dhahabu hapo. Mtu aliyehusishwa katika maandalizi huiona karatasi ikiwa bado ina nafasi tupu.

Mwaka 1992, mtafiti Roger Hart aliandika, katika chapisho la UNICEF, kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana yenye vidato vinane, akiwa amelichukua wazo la ngazi kutoka kwa Sherry Arnstein, aliyeandika kuhusu ushiriki wa raia mwaka 1969. Vidato vitatu vya chini, ambavyo ni vya kutumiwa na wakubwa, kuwa pambo na kuwekwa kwa jina tu, Hart alisema si ushiriki hata kidogo. Nimewahi kuwa katika vyote vitatu ndani ya siku moja: asubuhi nilibeba bango ambalo sikuandika maneno yake, mchana nikaimba shairi la kuwakaribisha wageni, na alasiri nikatambulishwa kuwa mjumbe wa kamati ambayo hadi leo sijawahi kuitwa kwenye kikao chake. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Mfano ambao nimeufuatilia kwa muda mrefu kuliko mingine ni wa Ufilipino, kwa kuwa huko wamefanya karibu kila kosa na kujaribu karibu kila dawa. Mwaka 1975, wakati nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi ya Ferdinand Marcos, yaliundwa mabaraza ya vijana katika barangay, ambazo ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, na uongozi wa kitaifa wa chombo hicho akapewa Imee, binti wa rais mwenyewe. Utawala huo ulianguka mwaka 1986, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991 ikaleta chombo kipya kiitwacho Sangguniang Kabataan. Mwenyekiti wake huchaguliwa na vijana, huingia katika baraza la barangay kwa wadhifa wake, na asilimia 10 ya mfuko mkuu wa barangay hutengwa kwa ajili ya shughuli za chombo hicho. Ukikisoma kwenye karatasi, utasema kijana hana tena la kudai: ana kiti, ana kura, ana fungu.

Hata hivyo malalamiko hayakukoma. Ilisemwa kwamba fedha ziliishia kwenye mashindano ya mpira wa kikapu na ya urembo, na kwamba viti vilikaliwa na watoto na wapwa wa wanasiasa waliokuwa wakipashwa misuli kabla ya kurithi nyadhifa za wazee wao. Lawama ziliongezeka hadi uchaguzi wa 2013 ukaahirishwa, na baada ya ule wa 2010 vijana hawakupiga kura tena hadi mwaka 2018. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2016, ilipitishwa sheria ya mageuzi. Umri wa viongozi uliwekwa kuwa kati ya miaka 18 na 24 ili waweze kuwajibika kisheria kwa fedha wanazosimamia, huku wapiga kura wakiwa wa miaka 15 hadi 30. Mafunzo yakawa ya lazima kabla ya kushika kiti. Na mgombea mwenye undugu wa hadi daraja la pili na kiongozi wa kuchaguliwa aliye madarakani katika eneo lake akazuiwa. Nadhani hakuna sheria nyingine ya vijana iliyomtazama mzazi na babu kwa jicho kali kiasi hicho, na wala siwalaumu waliotunga.

Pamoja na kuyapenda mageuzi hayo, lile fungu lenyewe linanitia shaka. Fungu lililotengwa kwa ajili ya vijana lina faida kubwa, kwa kuwa mtu hujifunza matumizi ya fedha za umma kwa kuzitumia na kuulizwa kuhusu matumizi hayo. Lakini lina ubaya wake: wakubwa hulitumia kama uzio. Kijana akiuliza kuhusu mifereji ya maji machafu, huambiwa kwamba yeye ana fungu lake, asiingilie la wengine. Wakati huo mifereji hiyo inapita mbele ya nyumba yake, barabara anaitumia kwa miguu kila siku kuliko diwani mwenye gari, na deni ambalo halmashauri inalikopa leo atalilipa yeye akiwa na watoto wake. Yaani asilimia kumi inayoamuliwa na vijana haiondoi swali kuhusu asilimia tisini, na kura moja ya mwenyekiti wao katika baraza la watu wazima ina nguvu pale tu anapopata makabrasha ya kikao mapema kama wenzake.

Boston, nchini Marekani, ilifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 2014, ilipotenga dola milioni 1 za bajeti yake ya miradi na kuwaachia wakazi wa umri wa miaka 12 hadi 25 wapendekeze na kupigia kura matumizi yake. Miongoni mwa miradi iliyoshinda palikuwa na kompyuta za shule za sekondari na kuta za michoro. Ninaloliona hapo ni lile neno miradi. Bajeti ya miradi hununua vitu, haiajiri watu. Ukiwapa vijana miradi peke yake, watachagua vitu, kisha wale wanaosema kwamba vijana hupenda vitu watawacheka. Kuongeza saa za maktaba, kuweka muuguzi mwenye lugha nzuri kwenye zahanati nyakati za jioni, kumlipa mlinzi wa uwanja ili wasichana nao wacheze bila hofu, hayo yote yako upande wa uendeshaji na mishahara, upande ambao kwa kawaida hauwekwi mezani wakati wa kuwasikiliza vijana. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya vijana. Ni msaada, na sina ugomvi nao, ila nimesikia viongozi wakiutaja mkopo huo kama ushahidi wa ushirikishwaji. Anayekopeshwa hajaulizwa neno. Uganda ilichukua njia ya viti: sheria yake ya serikali za mitaa ya 1997 inaweka wawakilishi wawili wa vijana katika mabaraza, mmoja wao akiwa mwanamke, na ule ulazima wa mwanamke peke yake unastahili kuigwa, kwa sababu mahali ambapo haukuandikwa, neno vijana huishia kumaanisha wavulana.

Hapo ndipo linapoingia suala la nani hasa anaitwa, na hili huamuliwa na mambo madogo sana. Kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi humwita kijana asiye na kazi na asiye na masomo, au yule ambaye kazi yake ni kuhudhuria vikao. Wapo wa aina hiyo ya pili. Ninawafahamu, na kwa muda fulani nilikuwa mmoja wao. Tunajuana kwa majina, tunajua mahali posho inapotiwa sahihi, tumekariri maneno kama wadau na uendelevu, na maofisa wanatupenda kwa kuwa hatuwapotezei muda. Wengine hutokea kwenye jumuiya za vijana za vyama, nao huja na msimamo wa chama uliokwisha kuamuliwa kwingine, hivyo kikao kinakuwa na jambo lililoamuliwa mara mbili. Fundi wa pikipiki, mama wa miaka ishirini mwenye mtoto mgongoni na kiziwi asiyewekewa mkalimani wa lugha ya alama hawaonekani. Nimeona kwamba kubadilisha saa ya kikao na kurejesha nauli siku hiyohiyo, si wiki ijayo, huleta sura mpya kuliko matangazo yote ya redioni.

Upande wa madiwani nao una hoja, na nisiposema hivyo nitakuwa sijawatendea haki. Diwani amepigiwa kura, anaweza kuondolewa, na anaulizwa na kila anayekutana naye njiani kwa nini bomba halitoi maji. Mwakilishi wa vijana aliyeteuliwa na ofisa wa vijana anamwakilisha nani? Ni swali halali, na mara nyingi sisi wenyewe hatukuwa na jibu. Tulikwenda na maoni yetu binafsi tukayaita maoni ya vijana. Tulidai vitu bila kujua vinagharimu kiasi gani, na tuliposhindwa tuliondoka kwa hasira tukaacha kiti kitupu, jambo linalomrahisishia kazi kila asiyetaka kukiona kimekaliwa. Njia moja ya kupunguza tatizo hilo ni kura yenyewe. Austria iliteremsha umri wa kupiga kura hadi miaka 16 katika chaguzi zote mwaka 2007, Uskoti ikafanya hivyo mwaka 2015 kwa chaguzi za serikali za mitaa na za bunge lake, na mji mdogo wa Takoma Park katika jimbo la Maryland ukawa wa kwanza nchini Marekani kufanya hivyo kwa uchaguzi wa mji mwaka 2013. Ninaunga mkono hatua hiyo, ingawa kura huja mara moja kwa miaka kadhaa, na bajeti haingojei.

Jambo la mwisho kabla sijaeleza kikao kingine ni majibu. Katika Porto Alegre, mji wa Brazil ulioanzisha bajeti shirikishi, yaani wakazi wenyewe kushiriki kuamua matumizi ya fedha za mji, mwaka 1989, duru ya kwanza ya mikutano ya kila mwaka ilianza kwa serikali ya mji kutoa hesabu ya kazi zilizoahidiwa mwaka uliotangulia: ipi imefanyika, ipi haikufanyika. Kabla ya kuomba maoni mapya, ulirudi kwanza na maoni ya zamani. Ninaamini utaratibu huo unajenga imani kuliko semina yoyote, na haugharimu kitu isipokuwa aibu kidogo. Kijana aliyekataliwa kwa maandishi, na akapewa sababu, hurudi. Aliyeambiwa hoja yake imepokelewa na asisikie tena neno, mara ya tatu hutafuta shughuli nyingine, na hatuwezi kumwita mvivu.

Kikao ninachotaka kukieleza kilifanyika miaka kadhaa baada ya kile cha jalada la bluu, katika halmashauri nyingine, nami nikiwa upande wa waandaaji. Ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka wa fedha, muda mrefu kabla ya rasimu. Tulikuwa watu tisa kwenye meza moja, saa kumi na mbili na nusu jioni, na karatasi iliyokuwa mbele yetu haikuwa na jalada. Ilikuwa kurasa nne zilizobanwa kwa pini, zenye takwimu za mwaka uliopita upande wa kushoto na safu tupu upande wa kulia. Mchumi wa halmashauri aliweka kalamu ya risasi juu ya safu hiyo na kusema, "Hapa pana kiasi hakijagawanywa bado. Semeni." Kwa muda hakuna aliyesema. Nadhani hatukuwa tumewahi kuombwa hivyo.

Aliyevunja ukimya ni kijana anayetengeneza simu, ambaye alikuja na vumbi la risasi ya kulehemu vidoleni, na sikuamini masikio yangu aliponena kuhusu maktaba. Si ile maktaba ya kwanza, lakini nayo ilifungwa saa kumi. Tofauti ni kwamba hakuuliza kwa nini inafungwa. Aliuliza, "Mzee, maktaba ikifunguliwa saa moja zaidi inatugharimu kiasi gani?" Mchumi alifungua mdomo, akaufunga, kisha akakiri kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo wala kujiuliza mwenyewe. Akatoa kikokotoo. Wakahesabu pamoja, mmoja akitaja na mwingine akibonyeza: wahudumu wawili, mlinzi, umeme, usafi. Ndipo dada mmoja, muuzaji wa nguo za mitumba, alipouliza kama kuna mtu anayeingia maktaba kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Hakuna aliyejua, lakini daftari la wageni la maktaba lilijua, na wiki iliyofuata walikwenda wawili wakalisoma: asubuhi hiyo palikuwa na siku ambazo mtu wa kwanza aliandika jina lake saa tano kasoro. Ukisogeza saa mbili kutoka asubuhi kwenda jioni, mishahara haibadiliki; kinachoongezeka ni umeme na mlinzi.

Waliandika ukurasa mmoja. Niliwasaidia katika jambo moja tu, nalo ni kuwaonyesha namba ya kifungu ili ofisa asipate shida ya kukitafuta. Jibu lilikuja kabla ya mwezi kwisha, nusu ukurasa, limetiwa sahihi. Lilisema ombi limekubaliwa kwa siku tatu za wiki kwa majaribio ya miezi sita, na limekataliwa kwa siku mbili zilizobaki kwa sababu mmoja wa wahudumu ana mkataba unaokoma saa kumi na hauwezi kubadilishwa kabla ya muda wake kwisha. Tarehe ya kwisha iliandikwa. Nilidhani watafurahi. Yule fundi simu alilisoma mara mbili, akakizungushia tarehe ile duara kwa kalamu, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni, na tulipokuwa tukirudisha viti mahali pake walikuwa wamekwisha kuanza kubishana kuhusu Jumamosi.